Shimo la Muhanga na Methali za Nyani

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo pakawa gani? Imetoka puani. Watoto wameitikia, nyinyi watu wazima hapo nyuma mmeinamia vikombe vya chai, mnajifanya hadithi haiwahusu. Hii inawahusu nyinyi kwanza. Na leo nina hasira, nawaambia mapema, mtu asinichekee kabla sijafika panapochekesha. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakikaa kitongoji kimoja na kujuliana hali asubuhi, alikuwepo Muhanga. Mnamjua? Wengi hammjui, maana hana makuu. Ana pua ndefu, masikio kama ya punda, na makucha ya kuchimbia. Meno ya kumtisha mtu hana. Chakula chake mchwa. Alikuwa jike, mjane, ana mtoto mmoja, na alikuwa na shimo.

Shimo lile, jamani. Alilichimba ubavuni mwa kichuguu kikubwa, mahali udongo ulipokuwa laini. Kwaru, kwaru, kwaru. Alichimba akiwa mwari, akachimba akiwa mke, akachimba na mimba tumboni. Likawa na chumba cha kulala, chumba cha kuzalia, na ukumbi mpana huko ndani kabisa. Ukumbi wa nini? Wa moto. Nchi ile kila kiangazi nyasi zilikauka na moto ulipita. Moto ukija, wote hukimbilia kwa Muhanga. Kanga na vifaranga wake, Ngiri na wanawe, Paa, Kobe, hata Nyani na ukubwa wake wote. Moto unapita juu, wao wako chini. Ukishapita wanatoka, wanakung'uta vumbi, wanakwenda zao. Muhanga hakumdai mtu kitu.

Sasa nisikilizeni habari ya baraza lao, maana hapo ndipo pananichoma.

Baraza lilikaa juu ya mwamba bapa. Hakimu alikuwa Nyani. Nyani alijua methali zote, za bara na za pwani, na kwa hiyo wakamwona ana akili. Sheria yao ilikuwa hivi. Mwenye kesi anasema. Aliyeshitakiwa anasema. Nyani anajikuna kwapa, anafumba macho, anatoa methali moja. Ikishatoka, wote wanapiga mwamba kwa mguu, puu, wanaitikia: Wahenga wamenena. Kesi imekwisha hapo. Hakuna kuuliza nani alifanya nini. Atakayetia neno juu ya methali amewatukana wahenga, na atatengwa. Tena walikuwa na sheria ya pili: aliyefikisha kesi mwambani, hata ikishaamuliwa, haruhusiwi kuhama wala kuchimba pengine, kwa sababu anayehama amekubali ameshindwa. Basi wanyama wale walijiona wastaarabu kweli kweli.

Ikaja masika. Mvua ikanyesha, chwaa, chwaa, usiku na mchana. Fisi akabisha hodi kwa Muhanga, manyoya yamemgandia, meno yanagongana. Akaomba ahifadhiwe usiku ule tu. Muhanga akamwambia karibu. Akampa pembe ya ukumbi, akampa majani makavu ya kulalia. Ungefanya nini wewe? Mtu amelowa.

Mvua ikakatika. Fisi yupo. Nyasi zikaota. Fisi yupo. Akaanza kuleta mifupa yake ndani, inanuka, inzi wamejaa. Usiku anacheka peke yake, hee-hee-hee, mtoto wa Muhanga anashtuka usingizini. Akachukua ukumbi wote. Akachukua chumba cha kuzalia. Muhanga akamwambia kwa upole kwamba mvua imekwisha. Fisi akajibu kwamba baridi bado haijamtoka mifupani.

Muhanga akaenda mwambani. Akaeleza yote, kwa adabu, bila kumtukana mtu. Fisi naye akasema yeye ni mgeni, na mgeni hafukuzwi. Nyani akamtazama Muhanga. Akamtazama Fisi. Akayatazama meno ya Fisi, akayatazama tena. Akajikuna kwapa.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema.

Puu! Wahenga wamenena.

Muhanga naye alipiga mguu. Ndiyo, alipiga. Alilelewa vizuri, na malezi mazuri ndiyo yaliyomponza. Alirudi nyumbani akijiuliza amepona nini, lakini alijiuliza moyoni tu.

Siku hazikupita nyingi. Jioni moja Muhanga anarudi na mtoto kutoka kula mchwa, anamkuta Fisi amejilaza mlangoni, ameuziba. Anasema shimo ni dogo, mtoto anampiga mateke, yeye anahitaji usingizi. Muhanga anangoja amalize utani wake aondoke. Kumbe si utani. Mama na mwana wakalala nje, chini ya kichaka cha miiba, mlangoni pa nyumba yao wenyewe.

Kukicha, mwambani tena. Nyani akajikuna kwapa.

"Mvumilivu hula mbivu."

Puu! Wahenga wamenena.

Akavumilia. Mnajua kipupwe cha huko? Upepo unakata masikio. Umande unashuka kama umemwagwa na ndoo. Mtoto akaanza kukohoa, koho, koho, kwanza alfajiri, halafu hata mchana. Mamake anamfunika kwa tumbo lake, anamfunika kwa masikio yake, baridi inapita vilevile. Kuchimba pengine hawezi, ana kesi. Ngiri akipita asubuhi, ameshiba, anamuuliza hali ya mtoto, anatikisa kichwa, anamwambia avumilie tu, wahenga hawakukosea. Kisha anakwenda kulala kwake. Hakusema twende kwangu. Hata mara moja. Huyu ndiye aliyekuwa akiingiza watoto wake wote kwa Muhanga kila kiangazi!

Nisipandishe sauti. Ngojeni nimeze mate.

Kiangazi kikaingia. Nyasi zikageuka rangi, zikawa zinalia miguuni, krash, krash. Siku moja Muhanga akainua pua juu, akanusa. Moshi. Mbali bado, ng'ambo ya vilima, lakini moshi. Na mtoto mgonjwa hawezi kukimbia. Asipopata pa kuingia chini ya ardhi, mtoto yule ataungua. Hilo Muhanga alilijua kama anavyojua jina lake. Akambeba mgongoni, akaenda mwambani.

"Mzee wangu," akamwambia Nyani, "nimevumilia. Hiyo mbivu iko wapi?"

Nyani akakohoa kidogo. Akamgeukia Fisi. Fisi akasema yeye anashangaa, kipupwe chote hakusikia mtu akilalamika, akadhani mambo yamekwisha, ameshapazoea. Nyani akajikuna kwapa. Safari hii alijikuna muda mrefu.

"Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako."

Mmesikia? Watoto, mmesikia? Aliambiwa asubiri. Akasubiri. Kisha akaambiwa amechelewa. Mdomo ni uleule, na kwapa ni lilelile.

Kanga aliinua mguu, ukabaki juu. Akamtazama Muhanga, akamtazama mtoto anayekohoa. Halafu macho ya Fisi yakamgeukia. Mguu ukashuka. Puu. Wahenga wamenena. Na hivyo shimo likawa la Fisi.

Muhanga akameza uchungu. Kwa ajili ya mtoto mtu humeza mengi. Akasema haya, shimo ni lake, basi na anipokee kama mgeni, mimi na huyu mgonjwa, mpaka moto upite. Fisi akatabasamu, meno yote nje, akasema hilo tena ni la kuamuliwa na hakimu. Hakimu hakufikiri hata kidogo.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Akaeleza kwamba Muhanga atalala mlangoni siku mbili, kisha ataanza kumchimbia Fisi ghala la mifupa, maana makucha anayo. Puu, wakaitikia, lakini wengine waliitikia wakitazama chini.

Hapo ndipo ilipompanda. Muhanga alihisi kitu cha moto kinatoka kwenye makucha, kinapita tumboni, kinafika kooni. Hakuwahi kukasirika maishani mwake, hata hakujua kwamba ndiyo hasira ile. Alidhani anaumwa. Akamshusha mtoto chini. Akasimama katikati ya mwamba, na methali ikiwa imeshatoka, akatia neno.

"Mzee Nyani, masika ulisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo unasema mgeni apewe jembe. Masika mgeni alikuwa Fisi. Leo mgeni ni mimi, na nyumba ni yangu. Kipupwe uliniambia nivumilie, kiangazi unaniambia nimechelewa. Niambie basi, hao wahenga wako wanaangalia haki, au wanaangalia meno?"

Mtoto akakohoa mara moja, koho, na wote wakasikia.

Nyani alitetemeka ndevu. Akatafuta methali, akaipata, wenye methali hawakosi.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Puu. Wakamtenga Muhanga. Asisemeshwe, asipokewe, asikanyage mwamba tena. Fisi akaenda nyumbani akicheka, nyumbani kwa mwenzake.

Muhanga akambeba mwanawe, akashuka. Njiani ndipo lilipomjia: aliyetengwa hakanyagi mwamba, kwa hiyo hana tena kesi, na asiye na kesi ana ruhusa ya kuchimba. Hawa wajuzi walikuwa wamemfungua bila kujua.

Akazunguka upande wa pili wa kichuguu. Upande ule udongo ni mgumu, na kiangazi umekauka ukawa tofali. Akaweka kucha. Halikuingia. Akaweka tena. Mgeni njoo mwenyeji apone, kwaru! Mvumilivu hula mbivu, kwaru! Chelewa chelewa, kwaru! Mpe jembe, mpe jembe, mpe jembe, kwaru, kwaru, kwaru! Kila methali aliyopigiwa aliipiga nayo ardhi. Kucha moja likang'oka. Damu ikaingia vumbini. Hakuacha. Mnatuambia hasira hasara. Siku zile hasira ilichimba shimo mahali ambapo subira haikuchimba hata tundu la panya.

Kabla hajamaliza ukumbi, moto ukafika.

Ta-ta-ta-ta-ta! Ulishuka kilimani kwa mbio, upepo nyuma yake. Wanyama wakatoka vichakani, wakakimbilia walikozoea, shimo la zamani. Wakamkuta Fisi mlangoni, ameuziba. Akawaambia hapa kwake, hakualika mtu.

Wakalia, Nyani, Nyani, sema neno. Nyani akajipenyeza mbele, pumzi juu juu.

"Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki," akasema.

"Kila mwamba ngozi huvutia kwake," akajibu Fisi.

"Umoja ni nguvu."

"Manahodha wengi, chombo huenda mrama."

Loo! Fisi alizijua zote. Si alizisikia mwambani? Yeye alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko wote. Nyani akatupa nyingine, Fisi akarudisha nyingine. Na huku nyuma moto unakula nyasi, hausikilizi. Mwishowe Fisi akapiga mguu wake mwenyewe, puu, akasema Wahenga wamenena, akarudi ndani kinyumenyume akiacha meno tu yanaonekana mlangoni.

Kanga ndiye aliyeona udongo mpya. Akaruka juu ya kichuguu, akapiga kelele, wote wakamfuata upande wa pili. Wakamkuta Muhanga amesimama mlangoni pa shimo jipya, pua imejaa vumbi, mikono imejaa damu. Mtoto yuko ndani.

Kila mmoja akaanza kuomba kwa wakati mmoja. Muhanga hakusogea. Nitawaambia ukweli: alitaka kuwaacha nje. Aliwatazama mmoja mmoja, akakumbuka mguu wa kila mmoja ulivyopiga mwamba, na moyo wake ukasema waungue. Lakini vifaranga wa Kanga walikuwa wanalia, na vifaranga hawakuwa na kura barazani. Akauliza swali moja.

"Lile shimo alilolala Fisi, nani alichimba?"

Wakatazamana. Swali kama hilo halikuwahi kuulizwa nchi ile.

"Wewe," akasema Kanga. "Wewe ulichimba. Nilikuona."

Muhanga akampisha, Kanga akaingia na vifaranga wake. Paa akasema wewe, akaingia. Kobe akasema wewe, akaingia polepole, Muhanga akamsukuma kwa pua. Ngiri alilisema huku machozi yanamtoka, na Muhanga hakumfariji. Ngiri akaingia na wanawe. Akabaki Nyani.

"Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo," akasema Nyani.

"Sijauliza hilo."

"Tenda wema, nenda zako."

"Sijauliza hilo. Nani alichimba?"

Nyani akafungua mdomo. Ikatoka methali nyingine. Akaufumba, akaufungua tena, ikatoka nyingine. Maskini mzee mzima, alikuwa amesahau namna ya kusema jambo lililotokea. Moto ukaja nyuma yake, ta-ta-ta, ukainua ulimi, ukamlamba. Mnajua wapi. Kila mtu aliyemwona Nyani akipanda jabali anapajua, hapana unywele hata mmoja mpaka leo. Sasa chekeni, hapa ndipo panapochekesha.

"Ni wewe!" akapiga kelele. "Ni wewe Muhanga!"

Muhanga akampisha.

Maneno matatu. Masika nzima, kipupwe kizima, kiangazi kizima, Nyani alikuwa nayo mdomoni, na mtoto wa mwenzake anakohoa nje.

Moto ukapita juu. Walibanana mle ndani hata kupumua taabu. Ulipokwisha, wakatoka, nchi yote nyeusi, inafuka. Muhanga hakuwaambia wafanye nini. Wenyewe walizunguka kichuguu, Kanga mbele, wakasimama kwenye shimo la zamani. Fisi alikuwa mzima, ndani, amenawiri. Msidhani moto huchagua wabaya.

Kanga akamwambia atoke, nyumba hii amechimba Muhanga. Fisi akacheka, akawatupia methali. Nzuri hata, ya kale, ya kupendeza. Hakuna aliyepiga mguu. Akawatupia ya pili. Walisimama tu wakimtazama, wengi, na nyuma yao Nyani naye amesimama, maana kukaa alikuwa hawezi. Methali bila wa kuitikia, Fisi hakujua la kufanya nayo. Akatoka, akapita katikati yao mkia chini, akaenda kulala porini, na analala porini mpaka leo.

Jioni Nyani akaja kwa Muhanga. Muhanga alikuwa anatoa mifupa nje, mtoto amelala chumbani, kikohozi bado kimo kifuani. Nyani akasimama mlangoni akasema amekuja kuomba radhi. Akasema lakini na Muhanga naye amwelewe, yeye hakuwa na ubaya naye, yeye alikuwa anasema tu yaliyosemwa na wahenga.

Muhanga akaweka mfupa chini.

"Wahenga wamekufa, Mzee Nyani," akasema. "Uliyekuwa unasema ni wewe."

Kisha akamgeuzia mgongo, akaendelea kufagia nyumba yake. Udongo ukamrukia Nyani usoni, kwaru, kwaru, na Muhanga hakusimama kumngoja ajifute.

Fundisho nalisema waziwazi, msije mkasema mlisinzia. Methali ni mali yetu na ni tamu, lakini methali si hakimu. Kwa kila inayosema subiri ipo inayosema umechelewa, na mwoga huchagua ile inayompendeza mwenye meno. Mtu akikujia na shida, muulize kwanza kimetokea nini. Na ukiona mtu anakuhubiria uvumilivu, mtazame yeye mwenyewe analala wapi.

Hadithi yangu inaishia hapo, mlangoni pa Muhanga. Kama imewafurahisha, ichukueni mkalale nayo. Kama imemchoma mtu, nafurahi, ilikusudiwa yeye.